Toba Inayofika kwa Mwenye Mali

Uamsho ulioanzia Gahini, mashariki mwa Rwanda, katika miaka ya 1930, na baadaye ukaenea Uganda, Kenya, Tanganyika na Burundi, umeandikwa sana kwa habari ya nyimbo zake, mikesha yake na mahubiri ya barabarani ambayo viongozi wengi wa makanisa hawakuyapenda. Jambo lililowashangaza zaidi majirani, wakiwamo wasiojali dini yoyote, lilikuwa la kushikika kwa mkono: watu walirudisha vitu. Wafanyakazi waliwapelekea waajiri wao vifaa walivyokuwa wamevichukua kwa siri, waliokwepa kodi walikwenda wenyewe kuilipa, na waliokuwa wakishikilia ng'ombe wa wengine kwa hila waliwaswaga hadi nyumbani kwa mwenyewe. Ofisa wa kikoloni aliyezoea kumsaka mwizi alijikuta ameketi na mwizi aliyekuja kwa miguu yake, kidhibiti mkononi, wala hakuna aliyemshitaki.

Ninaandika kama Mkristo niliyelelewa katika kanisa lililoguswa na uamsho huo, na neno langu ni moja. Toba ya mwamini tumeifungia chumbani, ikawa shauri la mtu na Mungu wake tu, na yule aliyekosewa tumemwacha nje ya mlango. Katika ibada nyingi ninazohudhuria, toba hutajwa kila baada ya dakika chache na mdai hatajwi hata mara moja. Mtu husimama kushuhudia kwamba Bwana amemfutia madeni yake yote, na mtu aliyedhulumiwa naye shamba ameketi safu ya tatu kutoka nyuma, anapiga makofi kwa adabu.

Wazee wa uamsho hawakuifahamu toba ya namna hiyo. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa akifanya kazi ya afya katika serikali ya Buganda, alikutana Kampala na Joe Church, daktari Mwingereza wa misheni ya Gahini ambaye wakati huo alikuwa amechoka na kuvunjika moyo. Wakakaa siku mbili wakisoma Maandiko na kuomba. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda kufundisha Gahini na kuhubiri toba bila kumwonea mtu haya, hadi alipofariki Januari 1936 angali kijana. Hawakuleta mafundisho mapya. Karibu kila walichosema kilikuwa tayari kimo katika kitabu cha sala cha Kianglikana. Kipya kilikuwa kwamba mmisionari na mwalimu Mwafrika walikaa pamoja wakaungamiana makosa kwa kuyataja, kiburi cha rangi kwa upande mmoja, chuki na udokozi kwa upande mwingine. Katika Afrika ya wakati ule, ambamo Mzungu kumwomba msamaha Mwafrika hakukuwa na mahali pake katika utaratibu wowote, jambo hilo lilikuwa zito kuliko tunavyoweza kulihisi leo.

Festo Kivengere, mwalimu kijana kutoka kusini magharibi mwa Uganda, alisimulia mwenyewe jinsi alivyopanda baiskeli baada ya kuokoka, akasafiri mbali kwenda kwa mmisionari Mwingereza ambaye yeye Kivengere alikuwa akimchukia, akamwomba msamaha. Baadaye alifundisha Dodoma kwa miaka mingi, na mwaka 1972 akawa askofu wa Kigezi. Februari 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa chini ya utawala wa Idi Amin, Kivengere alikimbia nchi, na huko uhamishoni akatangaza kwamba anampenda Amin na amemsamehe. Kauli hiyo iliwakera wengi, na sishangai. Walakini mtu aliyeisema hakuwa anaanza siku hiyo kujifunza msamaha. Alikuwa ameshaulipia nauli kwa miguu yake mwenyewe, akiwa yeye ndiye mkosaji.

Kwa nini walidhani ni lazima kwenda? Hawakuibuni sheria hiyo. Kitabu cha Walawi, sura ya 6, kinamzungumzia mtu aliyemdanganya jirani yake juu ya amana, au aliyemnyang'anya, au aliyeokota kitu kilichopotea akaapa kwamba hakukiona. Mtu huyo anaamriwa kukirudisha kitu chenyewe, kuongeza sehemu ya tano juu yake, na kumpa mwenye mali. Ndipo anapotajwa kondoo wa sadaka ya hatia na kuhani. Sura ya 5 ya Hesabu inarudia agizo hilohilo kwa kuanzia na maungamo. Kristo naye, katika Mathayo 5, anamkuta mtu tayari yuko mbele ya madhabahu na sadaka yake mkononi, anamwambia aiache palepale: "uende zako, upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe sadaka yako." Mpangilio huo unawasumbua watu wengi wa ibada, nami nikiwamo, kwa sababu madhabahu ipo karibu na ndugu yuko mbali, na madhabahu haijawahi kumjibu mtu maneno makali.

Habari ya Zakayo, ambayo watoto wa shule ya Jumapili huikumbuka kwa ajili ya mkuyu, ina hesabu ndani yake ambayo wahubiri huipita haraka. "Nusu ya mali yangu nawapa maskini, na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Torati ilimtaka anayeungama kwa hiari kurudisha kitu na sehemu ya tano juu yake. Mara nne ni kiwango cha mtu aliyeiba kondoo akamchinja au akamuuza, kama Kutoka 22 inavyosema. Zakayo, aliyekuwa mkubwa wa watoza ushuru wa Yeriko na bila shaka alizijua hesabu, alijitoza adhabu ya mwizi aliyeshikwa. Na tuihesabu sisi pia: kama thumni moja tu, yaani sehemu moja ya nane, ya mali yake ilitokana na dhuluma, basi akishagawa nusu kwa maskini na kulipa mara nne habaki na kitu. Ni baada ya maneno hayo ndipo Yesu anaposema kwamba wokovu umefika nyumbani humo. Sisemi kwamba Zakayo aliununua wokovu. Bwana alikuwa ameshajialika kwake kabla hajaahidi hata senti moja, na watu walikwisha kunung'unika kwa sababu hiyo. Nasema kwamba neema ilipoingia katika nyumba ile ilikwenda moja kwa moja hadi kwenye daftari la mapato.

Nimekutana na waamini wazuri wanaolijibu hili kwa Zaburi ya 51. Daudi, wanasema, alizini na mke wa Uria na kumuua Uria mwenyewe kwa upanga wa wana wa Amoni, na hata hivyo alipotubu alimwambia Mungu, "Nimekutenda dhambi Wewe peke yako." Basi dhambi yote ni ya Mungu, na msamaha wote hutoka kwake, na mambo ya wanadamu yatajipanga yenyewe. Hoja hii ina uzito, lakini inasahau namna Daudi alivyofikishwa kwenye zaburi hiyo. Nabii Nathani alimweleza habari ya tajiri aliyemchukua mwana-kondoo wa maskini, na Daudi, kabla hajajua kwamba anasomewa hukumu yake mwenyewe, alitamka kwamba tajiri huyo lazima amlipe mwana-kondoo yule mara nne. Mfalme aliijua sheria vizuri sana. Asichokuwa nacho ni mtu wa kumlipa, kwa kuwa Uria alikuwa kaburini. Ninaisoma Zaburi ya 51 kama sala ya mtu aliyekwisha kuiharibu njia ya kurudi kwa aliyemkosea, na aliyebakiwa na Mungu tu wa kumwendea. Kuifanya sala hiyo kuwa kielelezo cha mtu ambaye mdai wake anaishi mtaa wa pili, ana simu, na wanasalimiana kila siku sokoni, ni kumwonea Daudi. (Bathsheba, mke huyo wa Uria, ambaye alikuwa hai, hakuna mahali tunapoambiwa aliombwa msamaha. Mwandishi wa kitabu cha Samweli ananyamaza, nami sioni sababu ya kumsemea.)

Upo ugumu mwingine unaonitatiza zaidi ya huo wa Daudi, nao unatoka upande wa pili kabisa. Yuda Iskariote alirudisha fedha. Mathayo 27 inaeleza kwamba alipoona Yesu amekwisha kuhukumiwa alijuta, akawarudishia wakuu wa makuhani na wazee vile vipande thelathini, akakiri waziwazi kwamba alikuwa ameisaliti damu isiyo na hatia. Ukiyapima kwa vigezo nilivyovitaja hadi hapa, maungamo yake ni makamilifu: ametaja kosa, hakumsingizia mtu, na ameachia faida yote. Kisha akaenda akajinyonga. Petro, ambaye usiku uleule alikana mara tatu na kuapa juu yake, hakurudisha chochote, kwa kuwa hakuwa na cha kurudisha, isipokuwa machozi. Naye akaishi hadi kuulizwa mara tatu ufukweni kama anampenda Bwana. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba "huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu hufanya toba liletalo wokovu lisilo na majuto, bali huzuni ya dunia hufanya mauti," na sidhani kama Agano Jipya lina mfano wa wazi zaidi wa kauli hiyo kuliko watu hawa wawili.

Lakini tuwaangalie na makuhani. Mtu amewajia hekaluni akiwa amevunjika, anaungama mbele yao, na jibu wanalompa ni, "Basi, haya yatupasani sisi? Yaangalie haya wewe mwenyewe." Fedha wanazijadili kwa makini, kama zinafaa kuingia katika sanduku la sadaka au hazifai, mtu hawamjadili. Malipo bila rehema humuacha mkosaji peke yake na ubaya wake, na jumuiya ya waamini isiyojua kumpokea anayeungama inashiriki katika kinachompata baadaye. Ndugu wa uamsho, katika ubora wao, walilifahamu hili, maana aliyetubu hakurudi nyumbani kulala na aibu yake. Alikumbatiwa, akaimbiwa, akasindikizwa. Wengine walikwenda pamoja naye kwa mwenye mali.

Nidhamu ya kanisa tuliyo nayo sasa haijafika hapo. Katika sharika nyingi za nchi yetu, binti aliyepata mimba nje ya ndoa hutengwa na Meza ya Bwana, kisha baada ya muda hurudishwa kundini mbele ya watu wote. Aliyeoa mke wa pili hutengwa. Mlevi anayeonekana barabarani huitwa na wazee wa kanisa. Sina ugomvi na kuitwa kwao; nina ugomvi na wasioitwa. Tumbo la binti haliwezi kufichwa, ilhali mkandarasi aliyejenga darasa la watoto kwa saruji pungufu hukaribishwa kuwa mgeni rasmi wa harambee ya kuezeka kanisa, na mwajiri ambaye msaidizi wake wa nyumbani hajalipwa kwa miezi anaongoza kipindi cha maombi. Yohana Mbatizaji alipoulizwa na watoza ushuru wafanye nini ili toba yao izae matunda, hakuwatajia pombe wala uzinzi: "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Askari nao aliwaambia wasimdhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, na watoshewe na mshahara wao. Maneno hayo yangeweza kubandikwa leo ukutani katika ofisi nyingi za umma bila kubadilishwa nukta.

Ndugu zetu Wakatoliki, kwa haki, wamelitunza jambo hili katika mafundisho yao vizuri kuliko sisi wengine. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba msamaha unaondoa dhambi lakini hauponyi madhara yote iliyoyaleta, na kwamba mwenye kutubu anapaswa kufanya analoweza kuyarekebisha, kama kurudisha kilichoibwa au kumrudishia jina lake jema mtu aliyesingiziwa. Sala yao ya maungamo katika Misa humwelekea Mungu Mwenyezi na ndugu waliopo kwa pamoja, nayo hutaja pia kukosa kwa kutotimiza wajibu. Kama mafundisho hayo yanatendwa kila mahali ni swali jingine, na wao wenyewe hulikiri.

Siwezi kuusifu uamsho wa Gahini na kuruka kwamba Gahini ipo Rwanda. Kati ya Aprili na Julai 1994 waliuawa watu zaidi ya 800,000, wengi wao Watutsi, katika nchi ambayo karibu watu wake wote walikuwa wamebatizwa, na wengine waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, kama yale ya Nyamata na Ntarama. Walikuwamo Wakristo miongoni mwa waliokufa, miongoni mwa waliowaficha majirani zao kwa kuhatarisha roho zao, na miongoni mwa walioshika mapanga. Swali la jinsi hilo lilivyowezekana limeulizwa na watu wenye ujuzi kuniliko. Ninachokiona mimi ni kidogo, nacho kinahusu toba. Vitambulisho vilivyomwandika kila Mnyarwanda kwa kabila lake vililetwa na utawala wa Kibelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1930, yaani karibu na wakati uleule ambapo watu wa Gahini walikuwa wakilia kwa ajili ya mashuka yaliyoibwa na maneno ya uongo. Uamsho ulizinoa dhamiri juu ya yale ambayo mtu aliyatenda kwa mkono wake mwenyewe, na ndani ya ushirika wao Mhutu na Mtutsi waliitana ndugu kwa dhati. Haukuwafundisha waamini, angalau si kwa kiasi cha kutosha, kutubu juu ya utaratibu mzima wanaonufaika nao au wanaounyamazia, kwa sababu katika utaratibu kama huo hakuna mtu mmoja anayeweza kusimama na kusema "ni mimi." Udhaifu huo tumeurithi.

Baada ya mauaji, Rwanda ililazimika kuunda toba ya kisheria. Mahakama za gacaca, zilizofanya kazi nchi nzima kuanzia mwaka 2005 na kufungwa mwaka 2012, zilisikiliza kesi zinazokaribia milioni mbili zikiwa zimeketi nyasini, mbele ya majirani. Aliyekiri alipunguziwa adhabu, lakini kwa sharti la kusema yote: alikuwa na nani, na miili iliwekwa wapi. Walioiba mabati, ng'ombe na vyombo vya waliouawa walitakiwa kulipa. Wengi walionusurika walilalamika kwamba maungamo mengi yalikuwa nusu, yaliyopimwa kwa miaka ya kifungo iliyobaki, na lawama hiyo naiona ni ya haki. Hata hivyo sharti la miili linanifundisha kitu ambacho mahubiri mengi hayajanifundisha. Mjane hakuwa akihitaji kwanza machozi ya muuaji. Alihitaji kujua ni shimo lipi, ili awazike watu wake. Mwaka 2016 maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba msamaha kwa ajili ya waumini wa kanisa lao walioshiriki mauaji, na serikali ikajibu kwamba ombi hilo halitoshi. Mtu anaweza kuwa upande wowote katika mabishano hayo na bado akaona kwamba yalihusu swali lilelile la Walawi 6: nani anaambiwa, na anaambiwa nini hasa.

Kwa mwamini wa kawaida, ambaye dhambi zake si za ukubwa huo, shughuli yote hubaki kuwa ya aibu na ya vitendo. Yohana anaandika katika waraka wake wa kwanza kwamba tukisema hatuna dhambi twajidanganya wenyewe, na anawaandikia watu waliokwisha kuamini. Kwa hiyo kuokoka hakumwondolei mtu kazi hii, isipokuwa kunamwondolea kisingizio cha kuogopa kwamba Mungu atamkataa akiianza. Martin Luther, mwanamatengenezo wa kanisa huko Ujerumani, aliifungua hoja yake ya kwanza kati ya zile 95 za mwaka 1517 kwa kusema kwamba maisha yote ya waamini yapaswa kuwa ya toba, akiwapinga watu waliokuwa wakinunua vyeti vya msamaha ili wasipite njia ndefu. Vyeti havipo tena. Sadaka kubwa inayotolewa kwa kishindo na mtu anayedaiwa na wapangaji wake ni jamaa yao wa karibu.

Na si kila toba inapaswa kubisha hodi. Aliyemdhulumu mtu kimwili, au aliyemwachia mwenzake hofu isiyoisha, hana haki ya kujitokeza mlangoni kwake na maungamo ili yeye mwenyewe apate usingizi. Hilo ni kumchukulia kitu mara ya pili. Vilevile mikutano ya uamsho ilipopoa, baadhi ya watu walianza kuungama hadharani mambo yaliyowavunjia heshima watu wengine kuliko wao, na wapo waliogundua kwamba ushuhuda wenye dhambi nyingi husikilizwa kwa hamu kuliko wenye chache. Kosa lililofanywa kwa mtu mmoja linatosha kuungamwa kwake, au kwake kupitia kwa mtu anayemwamini, na lililofanywa mbele ya kusanyiko liungamwe kusanyikoni.

Mwenye mali akiwa amekufa, Hesabu 5 inaagiza malipo yapelekwe kwa jamaa yake. Jamaa asipokuwapo ndipo yanapokuwa ya BWANA, na kuhani huyapokea. Ningependa kusikia kifungu hicho kikihubiriwa kwa mpangilio wake, maana nimekisikia mara nyingi kikianzia kwa kuhani. Aliyeidhulumu serikali ana kazi ya kuchosha zaidi, kwa kuwa ofisi zetu zina fomu ya karibu kila kitu isipokuwa ya mtu anayerudisha posho ya safari ambayo hakuisafiri, naye huenda akazungushwa madirisha kadhaa kabla ya kupata mtu wa kumwelewa. Na mwenye mali aliye hai, akishapewa chake na sehemu ya tano juu yake, anaweza kuzihesabu fedha, akazitia mfukoni, na kusema kwamba kusamehe hajaweza. Hilo nalo ni haki yake, na aliyetubu atarudi nyumbani akiwa hadaiwi fedha, bado anangoja msamaha wa jirani, na Jumapili watakutana ibadani.